Tatu za Mama Wanjiru, Mbili za Baba

Juma lililopita jirani yangu alikuwa anapigilia msumari ukutani, nadhani wa kutundikia kalenda. Alipiga mara tatu, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani nachambua mchele kwenye sinia, na kabla sijafikiri lolote mkono wangu ulishainuka wenyewe, nikagonga ukuta mara mbili kwa vifundo vya vidole. Ngo, ngo. Halafu yule kijana akaniita kwa sauti, "Mathe, uko sawa?" Nikamjibu niko sawa, aendelee na msumari wake. Lakini mchele sikuumaliza kuuchambua. Nilikaa pale na sinia mapajani mpaka jua likahama dirishani.

Nimeandika mengi katika madaftari haya, habari za mvua, za magonjwa, za nani amezaa na nani amehama. Hili nimeliruka miaka yote. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na insha zangu zilikuwa zinarudi zimejaa wino mwekundu, kwa hiyo wewe unayesoma unistahimili. Nitajaribu nisimwonee mtu. Hapo ndipo shida yangu ilipo: kila nikitafuta wa kulaumu, namwona na upande wake wa pili.

Tulikuwa tunakaa katika zile nyumba za safu za Eastlands, ng'ambo kidogo ya Ziwani, familia moja chumba kimoja. Zilijengwa zamani kwa ajili ya wanaume waliokuja mjini kufanya kazi bila wake zao, na nadhani aliyezijenga hakuwahi kufikiri kwamba siku moja watu wangezaa humo. Choo na mfereji vilikuwa vya wote. Pazia la maua ya zambarau lilitenga kitanda cha chuma cha Baba na Mama na godoro langu, na chumba kizima kilinuka mafuta ya taa na sabuni ya kufulia. Ukuta kati yetu na Mama Wanjiru ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya, Baba anasema "Pole," naye anaitika "Asante" bila yeyote kuinua sauti.

Mama Wanjiru alikuwa mjane kutoka upande wa Murang'a, mwenye meno yaliyoachana na kicheko cha kuamsha watoto. Alikuwa anaamka kabla ya kila mtu ili akachukue sukuma wiki malori yakishusha, aje aiuze karibu na Majengo. Kwa kuwa ndiye aliyeamka kwanza, alijipa kazi ya kuamsha safu yetu yote. Alikuwa anagonga ukuta mara tatu kwa mwiko wa ugali, nawe ulitakiwa kujibu mara mbili. Usipojibu anagonga tena. Usipojibu mara ya tatu anatoka nje na kuja kukutingishia dirisha, na hapo mtaa mzima unajua wewe ni nani.

Kulikuwa na sheria moja, na alikuwa mkali juu yake: anayejibu awe amesimama. Sheria hii ililetwa na Ochieng' wa chumba cha mwisho, ambaye alizoea kugongewa mpaka akajifunza kujibu usingizini. Mkewe aliapa kwamba alimwona kwa macho yake, mkono unanyanyuka, unagonga mbili, unarudi chini ya blanketi, na mwenyewe anakoroma bila hata kukata. Ochieng' alichelewa kazini siku mbili hivyo hivyo. Tangu hapo ukijibu, umeweka ahadi kwamba nyayo zako ziko kwenye sakafu. Baba alikuwa anajibu kwa kisigino cha kiatu, kwa sababu kiatu ndicho kitu cha kwanza alichoshika akiteremka kitandani. Nilikuwa naisikia kila alfajiri kutoka godoroni kwangu, ngo ngo nzito, kisha kikohozi, kisha kiberiti.

Alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha mablanketi kule Industrial Area. Kibarua si mwajiriwa. Kibarua anasimama getini pamoja na wenzake, na king'ora cha kwanza kikilia nyapara anatoka na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Wasionyooshewa wanarudi nyumbani. Baba alikuwa na kofia nyekundu ya kufuma ambayo hakuivaa mahali pengine popote ila pale. Alinieleza kwamba katika giza la asubuhi nyuso zote ni moja, lakini nyapara akiwa hana la kusema husema "na wewe mwenye kofia." Kofia ile ilitulisha. Jioni alirudi na nyuzi za pamba na sufu zimemjaa nywele na nyusi, ungedhani amezeeka tangu asubuhi, nami nilikuwa nampangusa kwa kitambaa chenye maji huku yeye akikohoa na kuniambia hadithi za mashine.

Aliingoja miaka minne siku ya kuandikwa. Kuandikwa maana yake jina lako limo kwenye kitabu, hakuna tena habari ya kidole. Ukiwa mgonjwa unatibiwa. Mama hatakuwa akirudi kwetu Bungoma kila msimu kulima ili tupate chakula. Nami ningeingia sekondari. Hili Baba alilisema mara nyingi, hata kwa watu tuliokutana nao kwenye mfereji, mpaka nikaona haya.

Sasa, Jumamosi moja mwezi wa tatu, Mama akiwa amekwenda kulima na mdogo wangu mgongoni, Baba alirudi amesimama wima kuliko kawaida. Nyapara alikuwa amemwita kando. Alimwambia hivi, na Baba alirudia maneno hayo kama mtu anayekariri amri kumi: "Jumatatu naandika wawili. Nataka nikuone getini king'ora cha kwanza kikilia. Nisipokuona, usinitafute." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilirukaruka kitandani mpaka vyuma vikalia, na Mama Wanjiru akauliza kupitia ukuta kama tumeingiliwa na mbuzi.

Kabla ya kuondoka Mama aliniachia kazi tatu: maji, moto, na baba yako aamke. Saa ya mezani ilikuwa imekufa tangu Krismasi. "Baba yako ana usingizi mzito," alisema, "na akiwa anakohoa usiku ndiyo mbaya zaidi, akija kushikwa nao ni alfajiri. Tatu zikilia, hakikisha amesimama. Wewe sasa ndiye saa."

Jumapili tulikwenda kanisani. Lazima niieleze siku hiyo, ingawa sina hakika inahusika vipi. Mchungaji alihubiri juu ya wale wanawali waliosinzia wakimngoja bwana harusi. Baba hakuwa amelala usiku huo kwa kikohozi, na joto la watu likamlemea, kichwa chake kikawa kinashuka polepole kwenye bega langu. Mchungaji akafika pale alipokuwa anapataka. Akapiga mimbari kwa kiganja, akapaza sauti, "Amkeni!" Baba akasimama.

Alisimama peke yake katikati ya kanisa, macho mekundu, mkono unapapasa kama anatafuta kiatu. Wazee wa kanisa walifurahi kupita kiasi. "Bwana asifiwe, ndugu yetu ameamka!" Wakamshika mikono, wakampeleka mbele, wakamwekea mikono kichwani, na kwaya ikaanza. Baba alikuwa mtu wa adabu. Hakuona namna ya kuwaambia watu waliovaa vizuri namna ile kwamba alidhani ni Mama Wanjiru. Basi akaokoka. Akaulizwa kama ameacha maisha ya zamani, akasema ameacha. Nilifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa mpaka machozi yakanitoka, na mama mmoja nyuma yangu akanipapasa mgongoni akidhani nami nimeguswa.

Tukirudi nyumbani tulivuka barabara. Kisha akasema, "Nekesa, nimeokolewa na usingizi," na tukacheka, tukashikana mikono kwa kucheka. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka hivyo. Lakini akaongeza jambo ambalo wakati huo nililiona la kawaida tu. Alisema, "Wamefurahi sana kuniona nimesimama. Hakuna aliyeuliza kama nataka."

Jioni nilipiga shati lake pasi ya makaa. Alipaka viatu rangi mpaka taa ikaonekana ndani yake. Kofia aliifua, ikaning'inia juu ya jiko ikitoa mvuke. Kulikuwa na maziwa niliyopewa shuleni Ijumaa, ile pakiti ya pembe tatu, nilimwekea kwenye beseni la maji yapoe. Aliyanywa nusu akaniachia nusu, akisema kesho kutwa tutakunywa ya kwetu. Mama Wanjiru akasema kupitia ukuta, "Baba Nekesa, kesho nitakugongea mpaka nyumba ianguke. Wewe unalala kama gunia ya viazi."

"Gunia ya mahindi," Baba akamjibu. "Viazi ni zenu."

Usiku huo alikohoa tena. Sijui ni muda gani. Mtoto akiwa macho anadhani usiku mzima umepita, na huenda ilikuwa kidogo tu. Najua kwamba ilifika wakati kikohozi kikakoma, chumba kikatulia, nami nikabaki macho kwa hofu ya kazi yangu. Nilikuwa macho Mama Wanjiru alipowasha jiko lake. Nilikuwa macho zilipolia. Ngo, ngo, ngo.

Nikawasha taa, nikavuta pazia. Baba amelala kwa ubavu, shavu moja limebonyea kwenye mto, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona akiwa amesimama. Hakuwa anangoja chochote. Mguu mmoja ulikuwa nje ya blanketi, unyayo umepasuka kama udongo wa kiangazi. Hakukoroma, alikuwa anapumua tu, bila ule mlio wa kifua. Nikafikiri: hajalala juma zima. Nikafikiri: dakika kidogo tu, nichemshe chai kwanza, kisha nimwamshe na kikombe cha moto mkononi, apate nguvu.

Ngo, ngo, ngo. Mara ya pili.

Mara ya tatu angetoka nje kutingisha dirisha. Nikakitafuta kiatu chini ya kitanda sikukiona upesi. Kikombe cha bati kilikuwa juu ya meza. Nikagonga nacho ukuta, mara mbili, polepole. Nilikuwa nimesimama, kwa hilo sikuvunja sheria. Mama Wanjiru akasema, "Haya," akaridhika, na baada ya muda nikasikia mlango wake na magurudumu ya mkokoteni.

Nikamfunika Baba ule mguu. Nikavuta blanketi, nikaipitisha chini ya kisigino, nikaikunja vizuri kama Mama alivyokuwa ananifanyia mimi. Ilipita kwa urahisi. Kisha nikaketi kwenye kigoda karibu na jiko, kikombe mapajani, maji yakianza kuimba kwenye sufuria.

Kilichoniamsha ni king'ora. Kwa muda kidogo nilidhani ni cha kwanza, kwa sababu nilitaka kiwe cha kwanza, lakini dirisha lilikuwa jeupe na watoto walikuwa tayari wanagombana mferejini. Maji yalikuwa yamekauka na sufuria inanuka. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa lile shati, anafunga kamba za viatu. Hakuwa na haraka. Aliifunga kamba moja, akaifungua, akaifunga tena.

"Umeamka, mama?" aliniuliza. Alikuwa ananiita hivyo akiwa na huruma. "Weka maji mengine. Unywe chai uende shule."

Sikuwahi kupigwa na Baba, lakini siku hiyo ningependa angenipiga. Akavaa kofia, akaenda. Kabla ya saa nne alikuwa amerudi, na hakuwa na hata uzi mmoja kwenye nywele. Nyapara alikuwa ameandika wawili, mmoja wao kijana wa Ziwani aliyekuwa amefika getini tangu giza. Nataka kuwa wa haki hapa: yule kijana alistahili, naye nyapara hakufanya ila alichosema. Nilikuwa sijaenda shule. Nilikuwa nasugua ule weusi wa sufuria kwa majivu na mchanga, nikisugua hata palipokuwa pamekwisha takata.

Mama Wanjiru alirudi mchana na matenga matupu, akamwona Baba kizingitini.

"Baba Nekesa! Kwani kiwanda imeungua?"

"Nimechelewa."

"Umechelewa namna gani na mlinijibu? Nilisikia mbili. Hata nikajiambia, huyu leo wokovu imemwingia kweli kweli."

Mikono yangu ilisimama ndani ya sufuria. Moyo ulikuwa unagonga kuliko mwiko.

"Ni mimi nilijibu," Baba akasema. "Nikalala tena."

"Ukajibu na ukalala? Kama Ochieng'?"

"Kama Ochieng'."

"Wacha mchezo. Na mbona kiatu yako leo ililia kama sufuria?"

"Haikuwa kiatu," Baba akasema. "Ilikuwa kikombe."

Mama Wanjiru akaanza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni kwa sababu alikumbuka ilikuwa Jumatatu gani. "Ngai," alisema. Akaketi kizingitini kando yake na matenga yake, wakatazama mbele. Baadaye akasema kosa ni lake, angetoka aje dirishani. Kesho yake alitugongea mara tano.

Kwa miaka mingi hicho ndicho nilichobeba: kwamba nilimpotezea Baba kazi kwa kumpenda vibaya, na kwamba alidanganya mbele ya jirani ili kunificha. Nilimwona shujaa. Na kila nilivyomwona shujaa, ndivyo kosa langu lilivyokuwa kubwa.

Mama aliporudi aliambiwa alilala. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Siku zote uamke, siku hiyo ulale," akaendelea kupanga vyombo. Kanisani walitania kidogo kwamba ndugu yetu aliamka madhabahuni akalala kiwandani. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alituletea unga. Mwaka huo mvua ilikataa, alichopanda Mama hakikuota, tukala ugali wa mahindi ya manjano mpaka tukasahau rangi ya ugali. Baba aliendelea kwenda getini, lakini kofia aliiacha nyumbani. Nilimuuliza mbona haivai. Akasema inamwasha kichwa.

Halafu ikaja asubuhi ambayo tatu zililia, akasimama, akajibu mbili kwa kisigino cha kiatu, akakirudisha kiatu chini ya kitanda, akaketi. Mama akamtazama. Hakuondoka siku hiyo, wala iliyofuata. Lakini kujibu hakuacha. Kila alfajiri alisimama kwanza, nyayo zote mbili kwenye sakafu kama sheria inavyosema, akagonga mbili, akaketi. Mama Wanjiru naye aliendelea kugonga, nadhani kwa sababu hakujua namna ya kuacha bila kumtukana.

Nilimaliza darasa la saba. Hakukuwa na habari ya sekondari, na hakuna aliyekaa chini kunieleza, nilielewa tu nilipoona sare yangu imeshonwa upya kuwa sketi ya kawaida. Mama alimchukua Baba wakarudi Bungoma. Mimi nilibaki na Mama Wanjiru, nikamsaidia kukata sukuma wiki, nikawa mimi sasa niliye upande ule mwingine wa ukuta, na chumba chetu kikaingia watu wengine ambao hawakujua kujibu.

Nikiwa mtu mzima, nina mtoto tayari, nilikwenda nyumbani kumwona. Alikuwa anaketi mchana kutwa mbele ya nyumba, macho wazi, na ukimsalimia inachukua muda sauti yako imfikie. Nikajikaza. Nikamwambia, "Baba, siku ile ni mimi nilijibu. Si wewe. Nilikuona umelala nikakuhurumia." Alitazama shamba. Akasema, "Haya mahindi yamekauka upande mmoja tu. Sijui ni kwa nini." Nilidhani hajasikia. Mwaka uliofuata walinipigia simu dukani kwamba alilala jioni na asubuhi Mama akashindwa kumwamsha.

Kile kikombe kilinisumbua baadaye. Alijuaje ni kikombe? Lakini kuna jibu la haki: nilisinzia nacho mapajani, na mtu mwenye akili angeona kikombe, angesikia neno la Mama Wanjiru, angejumlisha. Nikaridhika na jibu hilo. Niliridhika nalo miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo siwezi kusema lilikuwa jibu baya.

Sasa nafua nguo za watu. Tunaketi chini ya ukuta kando ya barabara, wanawake kumi na watano au ishirini, tangu alfajiri, tukingoja mtu aje aseme wewe na wewe. Ukichelewa, ukuta umejaa na kazi zimegawanywa. Naishi na mjukuu wangu Neema, anayeniita Kukhu, yaani nyanya, ana miaka tisa, na amejipa kazi ya kuniamsha kwa sababu mimi simu huizima nikiwa bado usingizini. Mtoto mwenye bidii. Hakuna aliyemtuma.

Mwezi uliopita kulikuwa na mama mmoja wa Buruburu aliyeniambia nije nimwone Jumatatu mapema, huenda akanichukua moja kwa moja, nifulie nyumba yake na ya dada yake. Nilifurahi. Nilimwambia Neema, naye akarukaruka kitandani. Jumatatu ikafika. Nilikuwa macho kabla ya simu kulia. Nilikuwa macho tangu muda mrefu, nikisikiliza mabati yakijikunja kwa baridi. Nikaisikia simu. Nikamsikia Neema akiizima, akija kwa vidole vya miguu, na tochi yake ikanipita usoni, nyekundu kupitia kope. Kitu pekee kilichohitajika ni nifungue macho.

Sikuyafungua. Sitaki kujitetea na sijui kulieleza. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na hofu. Niliwaza ukuta na beseni na kidole cha yule mama, na furaha ya mtoto, na jinsi wote watakavyofurahi kuniona nimesimama, nikapumua polepole kama mtu aliye mbali. Alisimama pale muda. Nilisikia akifikiri. "Kukhu amechoka," alijisemea kwa sauti ndogo sana, na nikajua atakachofanya kabla hajakifanya, kwa sababu mguu wangu mmoja ulikuwa nje.

Alivuta blanketi. Akaja kwenye kisigino, akajaribu kuipitisha chini, ikakwama, kwa sababu mguu wa mtu mzima ni mzito. Nami, bila kufungua macho, nikauinua kidogo ili ipite.

Ndipo nikakumbuka jinsi ilivyopita kwa urahisi chini ya kisigino cha Baba.

Neema hajui. Siku hiyo nilimwambia nilisikia simu nikalala tena, kosa ni langu, akanitazama kama anataka kusema neno. Tangu hapo anaamka kabla ya simu. Nikifungua macho namkuta ameketi kando ya kitanda gizani, magoti kidevuni, ananitazama miguu.